Tuandikieni asilimia kwenye roli: barua ya fundi wa komini Kenya

Bwana Mhariri,

Naandika juu ya ile makala mlitoa kuhusu nguo za koton resikle, ile iliyosema kununua tisheti ya pamba iliyorejelezwa ni kusaidia dunia, kwamba inaokoa maji na ni sawa na mpya. Niliisoma yote, usiku nikairudia kwa mwanga wa simu maana umeme ulikuwa umekatika, nikasema hapana, hii lazima niijibu, kwa sababu aliyeandika anaonekana hajawahi kuifua hiyo tisheti hata mara moja.

Mimi ni fundi wa kushona. Niko na atelie ndogo hapa komini Kenya, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, si ile nchi ya Kenya, mashini nne, moja imelala tangu mwezi wa tano nangojea pyesi yake. Nimeshona miaka kumi na tisa, gauni za harusi, iniforme za shule, nguo za kwaya, kila kitu. Sijasoma mambo ya uzine (viwanda) za nguo, ninayoyasema hapa nimeyajua kwa mikono na kwa hasara, na mengine nimefundishwa na mzee mmoja jirani nitakayemtaja huko chini.

Mwaka jana mwezi wa nane, kabla ya shule kufunguliwa, nilipata komande (oda) ya polo 140 za michezo, rangi ya kijivu, kola ya bluu. Shule sitaitaja na muuza kitambaa sitamtaja, sitafuti kesi. Nikaenda mjini kutafuta kitambaa cha jezi, kile cha kufumwa, cha kuvutika. Muuzaji akanionyesha roli nzuri ajabu, kijivu chenye vitone vyeupe na vyeusi ndani, laini mkononi, na bei ilikuwa chini kidogo ya ile ya jezi ya kawaida. Akaniambia, "Mama, hii ni koton resikle, santi pursanti (asilimia mia), gramu 180, Ulaya njo wanavaa hii sasa." Etikete ya roli nayo iliandikwa hivyo hivyo. Mimi nikafurahi. Nikahesabu faida yangu humo humo dukani, kosa la kwanza la mfanyabiashara.

Polo zikatoka safi. Direkta akazishika akasifu. Wiki ya kwanza salama, ya pili salama, wiki ya nne mama wa kwanza akanifikia atelie na polo kwenye sashe, akaitandika juu ya meza yangu bila hata kukaa. "Mama fundi, uko naona hii? Iko naota mapele!"

Na kweli ilikuwa imeota. Kifuani, kwapani, pale begi la shule linaposugua mgongo, vidonge vidogo vidogo vya uzi vimejaa kama ugonjwa wa ngozi. Si hivyo tu. Mshono wa pembeni, ule unaotakiwa kushuka sawa kutoka kwapani mpaka chini, ulikuwa umehama umekuja mbele karibu na kitovu, nguo nzima imejinyonga kama mtu anayegeuka kuangalia nyuma. Na imefupika, mtoto akiinua mkono tumbo liko nje. Kufikia mwisho wa mwezi walikuja kumi na wawili. Mmoja akasema mbele ya bakliya (wateja) wangu kwamba nimekata kitambaa vibaya nibane mita. Hilo liliniuma sana, sikuwa nimebana hata sentimita moja, ila sehemu ya kosa ilikuwa yangu kweli na nitaisema.

Basi nikaamua kukichunguza hicho kitambaa. Kilikuwa kimebaki roli moja na nusu.

Kwanza nikakichoma, kila fundi anajua hii. Unafumua uzi kidogo, unaushika na pinsa, unawasha kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, majivu yake ukiyagusa yanapotea. Poliesta haiungui hivyo, inayeyuka inajikunja, ikipoa inabaki kitone kigumu cheusi kama kichwa cha sindano. Uzi wangu wa "santi pursanti koton" uliungua kama karatasi halafu ukaniachia kitone. Nikarudia mara tatu, nyuzi za sehemu tatu tofauti. Kitone, kitone, kitone. Kwa hiyo humo ndani kulikuwa na poliesta, kiasi gani sijui, kiberiti hakihesabu asilimia.

Pili nikakipima uzito. Unakata mraba wa sentimita 10 kwa 10, kwa uangalifu, halafu unatafuta mzani mdogo, mimi niliomba wa famasi ya jirani, akanicheka kwanza ndiyo akanipa. Mraba mmoja ukitoa gramu 1.8, hicho kitambaa ni cha gramu 180 kwa mita mraba. Wangu ulitoa 1.4. Nikakata mingine minne, hakuna uliopita 1.5. Hapo gramu 40 karibu kwa kila mita mraba nililipa bila kupewa.

Halafu nikafumua uzi mmoja, nikausokotoa kinyume mpaka ukafunguka, nikavuta vinyweleo vyake kimoja kimoja nikavilaza juu ya karatasi nyeupe pembeni ya rula ya mtoto. Hapa njo nilielewa. Nilikuwa na uzi mwingine wa jezi nzuri ya zamani, vinyweleo vyake vinakaribia milimita 28. Vya roli yangu, vingi vilikuwa milimita 10, 8, vingine kama punje ya mchele, vingine vumbi tu.

Jioni nikampelekea ile karatasi mzee jirani yangu. Huyu mzee alifanya kazi Kalemie, kule Filtisaf, ile uzine ya uzi na vitambaa iliyojulikana Kongo yote, watu wa umri wangu wazazi wetu walivaa vitambaa vyake. Akavaa miwani, akaangalia vile vinyweleo, hakuniuliza hata nimevitoa wapi. Akasema, hii pamba imeshachanwa.

Akanielezea hivi. Nguo ya zamani au mabaki ya uzine yanachambuliwa kwa rangi, vifungo na zipu vinatolewa, yanakatwakatwa, halafu yanapitishwa kwenye mitungi inayozunguka yenye meno ya chuma, mmoja baada ya mwingine, yanararuliwa mpaka yanarudi kuwa pamba. Lakini kile kitambaa kilikuwa kimesokotwa na kufumwa kwa nguvu, huwezi kukirarua bila kukata vinyweleo vyenyewe. Kinyweleo cha pamba mpya ya kawaida ni kama milimita 25 mpaka 30, wenye viwanda wanahesabu kilicho chini ya milimita 12.7 kuwa kifupi, na pamba iliyochanwa inakuwa imejaa hivyo vifupi. Kama ni mabaki ya kukata ambayo hayajavaliwa, hali ni nafuu. Kama ni nguo ambayo mtu ameivaa miaka mitano na kuifua mara mia mbili, kinyweleo kilishachoka hata kabla ya meno kukigusa.

Nikamuuliza ufupi una ubaya gani, si uzi ni uzi? Akasema unaona watoto wakicheza treni, kila mmoja ameshika shati la mwenzake? Mwenye mkono mrefu anamshika wa mbele vizuri, hata mkimvuta anabaki. Mwenye mkono mfupi anashika kwa ncha za vidole, vuta kidogo treni imekatika. Vinyweleo vifupi vinashikana hivyo hivyo, kwa ncha. Ili visiachane mwenye mashini inabidi asokote zaidi, na uzi uliosokotwa sana una hasira, unataka kujifungua. Ukiufuma jezi nyepesi ya upande mmoja, kile kitanzi hakikai wima, kinalala upande, unapofua uzi unapata nafasi ya kujinyonga na mshono unahama. Kumbe ule mshono wa kwenye kitovu haukuwa mkasi wangu.

Na yale mapele? Hayo nayo ni ufupi. Kinyweleo kifupi ncha yake inachomoka haraka juu ya nguo, msuguano unazizungusha ncha zinajifunga pamoja, hicho njo kidonge. Kwenye pamba tupu vidonge vinakatika na kuanguka baada ya muda, maana kinyweleo cha pamba hakina nguvu ya kukishikilia. Lakini ukichanganya poliesta, yenyewe haikatiki, inakuwa kama kamba inayokifunga kidonge kwenye nguo, kinakaa hapo mpaka nguo ife. Roli yangu ilikuwa na vyote viwili, ufupi wa pamba na kamba ya poliesta. Hapo hata ningeshona kwa uzi wa dhahabu.

Huko viwandani wana namna ya kupima haya kabla ya kuuza. Kuna mashini inaitwa Martindale inakisugua kitambaa kwa mzunguko, halafu wanakilinganisha na picha na kukipa alama kutoka 1 mpaka 5, tano ni kitambaa ambacho hakijabadilika, moja ni msiba. Kuna nyingine inakisukuma kitambaa cha jezi kutoka chini mpaka kinapasuka, kuona kinavumilia kiasi gani, maana jezi haichaniki kwa kuvutwa kama gabardine, inapasuka pale magoti na viwiko vinaposukuma. Na kadiri unavyoongeza pamba iliyochanwa kwenye uzi, ile nguvu ya kupasuka inashuka na vidonge vinapanda, hiyo haina siri. Wanaorekebisha wanarekebisha kwa kuchanganya na pamba mpya, kwa kufuma uzi mnene kwenye kitambaa kizito, au kwa kukiosha na vimeng'enya vinavyokula vile vinyweleo vya juu, ingawa hivyo vimeng'enya vikizidi vinakula na nguvu ya kitambaa chenyewe.

Sasa Bwana Mhariri, hivyo vipimo vyote vimefanywa kule ambako nguo inafuliwa na mashini, maji ya uvuguvugu, sabuni imepimwa. Njoo uone sisi tunafua namna gani. Beseni, sabuni ya unga mkono umejaa, unasugua kola kwa ngumi, mahali pa udongo mwekundu unaleta brosi. Brosi! Kwenye jezi! Mtoto wa Lubumbashi anacheza kwenye vumbi jekundu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, mvua ikianza ni matope mekundu, polo ya kijivu ikirudi nyumbani imekuwa rangi ya tofali, mama afanye nini kama si brosi? Halafu anaikamua kwa kuinyonga, watu wawili wameshika huku na huku, wanazidi kuigeuza upande ule ule inaotaka kujigeuza. Halafu inaanikwa kwenye kamba imening'inia na maji yake yote.

Na pasi. Etikete za Ulaya zinaandika usipige pasi ya moto. Sisi hatuna uchaguzi, kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa nje, ukiivaa bila pasi funza anaingia kwenye ngozi, kila mama hapa amewahi kumkamua mtoto wake mgongoni anajua nasema nini. Basi pasi ya makala, yaani ya mkaa, moto kabisa, mpaka kwenye mishono. Pamba inavumilia. Nguo yenye poliesta nyingi ikipata pasi ya makala iliyozidi inang'aa kama imepakwa mafuta, na ikizidi tena inashika kwenye pasi. Kwa hiyo mtu akiniambia kitambaa fulani ni pamba kumbe nusu ni poliesta, hajanidanganya bei tu, amenidanganya pasi pia. Halafu kuna jasho. Pamba ya kawaida hewani inashika unyevu kama gramu 8.5 kwa kila gramu 100, poliesta hata nusu gramu haifiki, ndiyo maana polo ya mchanganyiko inamgandia mtoto mgongoni saa sita ya mchana mwezi wa kumi, na harufu ya jioni unaijua.

Nilisema sehemu ya kosa ni yangu. Hii hapa. Kitambaa cha jezi kinafungwa kwenye roli kikiwa kimevutwa, kinataka kupumzika. Fundi mwenye akili anakifungua, anakilaza mezani bila kukivuta siku nzima na usiku wake, na kama hakijui anakifua kwanza. Mimi nilikuwa na haraka ya komande, nikakata moja kwa moja kutoka kwenye roli. Baadaye nilipochora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kipande kilichobaki na kukifua mara tatu namna tunavyofua sisi, urefu ulibaki sentimita 46, upana 49, na pembe za mraba zilikuwa zimelala, si mraba tena. Sentimita nne kwa hamsini! Kwenye polo ya mtoto hiyo ni tumbo nje. Ningekifanya hicho kipimo kabla, kingenigharimu sabuni kidogo na siku moja. Wazazi kumi na wawili niliwarudishia sehemu ya pesa, wengine nikawashonea upya, faida yote ya roli ikaishia hapo na juu yake.

Baada ya hayo ungetegemea niseme koton resikle ni takataka, ipigwe marufuku kule mpakani Kasumbalesa. Wapo wanaosema hivyo, mafundi wenzangu wengine, na wana hasira kuliko mimi. Sikubaliani nao. Na hapa njo naachana pia na makala yenu, kwa upande mwingine.

Kurudisha kitambaa kuwa uzi si jambo jipya la Wazungu wa siku hizi. Mwaka 1813 huko Batley, Uingereza, mtu anaitwa Benjamin Law alianza kurarua matambara ya sufu, kuyachanganya na sufu mpya na kufuma upya, kitambaa chake kikaitwa shoddy. Kwa wengi waliokuwa hawana uwezo wa sufu mpya kilikuwa koti la baridi. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, wafanyabiashara waliwauzia askari iniforme za shoddy mbaya kwa bei ya sufu nzuri, zikawachanikia mwilini, na tangu hapo hilo jina kwa Kiingereza likabaki na maana ya kitu kibovu. Jina la kitambaa likachafuka kwa ajili ya waliokiuza. Nikiona polo zangu za kijivu nawakumbuka hao askari, ingawa watoto wetu angalau walikuwa wanaenda kucheza mpira tu.

Na ile hoja ya maji ya makala yenu ni ya kweli, sitaikataa. Makadirio yanayotajwa sana ni lita 2,700 kwa pamba ya tisheti moja, na Bahari ya Aral kule Asia ya Kati ilikauka kwa sababu mito yake iligeuzwa kumwagilia mashamba ya pamba. Sisi watu wa Kongo tuna yetu pia na pamba. Bibi yangu alikuwa wa upande wa Kongolo, alilimishwa pamba kwa nguvu wakati wa Wabelgiji, ile lazima iliyoanza 1917, anaacha mihogo yake anaenda kupalilia pamba ya kampuni kwa bei ambayo kampuni imeipanga. Alikuwa hataki hata kuona ua la pamba. Kwa hiyo mtu akiniambia pamba iliyokwisha kulimwa itumike mara mbili, mara tatu, mimi ni wa kwanza kukubali, na bibi naye angekubali.

Isitoshe rangi. Kile kijivu chenye vitone hakikutiwa rangi, ni rangi za nguo za zamani zimechanganyika, kwa hiyo hakikuchuja hata kidogo kwenye beseni. Polo zote ziliota mapele lakini hakuna iliyochuja, na kola za bluu za jezi ya kawaida, mpya kabisa, ndizo zilizochuja. Nasema ukweli wote, hata ule usionisaidia.

Shida yangu ni neno "sawa". Makala ilisema nguo ya pamba iliyorejelezwa ni sawa na mpya. Si sawa. Ni pamba iliyokwisha kufanya kazi moja, inahitaji kupewa kazi inayoifaa. Roli iliyobaki nilifanya nini? Nilifungua, nikafua, nikaanika chini kwenye mkeka badala ya kamba, nikaikunja mara mbili nikashona trikoo (swita) za watoto wadogo za asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, unajua baridi yetu ya hapo, inashangaza wageni wanaodhani Afrika yote ni joto. Mbili mbili hainyongeki, mshono wa upande mmoja unashikilia wa pili. Vinyweleo vya juu vinavyoleta mapele njo hivyo hivyo vinavyoshika joto, na mtoto wa miaka mitatu habebi begi la shule. Ziliisha zote. Nyingine nilishona kofia, vitambaa vya jikoni, mifuko. Kitambaa kizito cha ndani manyoya, kile cha swita za kofia, kikifumwa kwa uzi mnene wa resikle kinakaa vizuri kabisa, nimekishika, nimekifua. Jezi ya mikono miwili kwa pamoja, ile ya interloki, nayo inatulia kuliko jezi nyepesi ya upande mmoja. Ila polo nyembamba ya michezo, ya mtoto, ya kufuliwa kwa brosi mara tatu kwa wiki? Hapana. Hiyo ni kumpa mzee wa miaka sabini gunia la simenti.

Hata matambara ya atelie yangu nayatazama tofauti sasa. Kila wiki natoa mfuko mzima wa vipande, vingi vinaenda kuwasha mkaa au kufutia pikipiki. Ripoti ya shirika la Ellen MacArthur Foundation ya 2017 ilisema chini ya asilimia 1 ya malighafi inayotumika kutengeneza nguo inarudi kuwa nguo mpya. Vipande vyangu havijavaliwa, vinyweleo vyake bado ni virefu, ndiyo malighafi bora ya hiyo kazi, vinaungua. Na nguo za balo, tombola zetu, yaani mitumba, zinafika hapa zikiwa zimeshavaliwa kule, tunazivaa tena mpaka zinakuwa tambara, hatuhitaji kufundishwa kutumia kitu mara mbili na mtu yeyote. Hilo nalo liliniudhi kidogo kwenye makala, kana kwamba Lubumbashi ndiyo inayotupa nguo.

Ninachotaka ni kidogo. Anayeleta roli aandike pamba mpya asilimia ngapi, pamba iliyochanwa asilimia ngapi, poliesta asilimia ngapi, na gramu za kweli. Hayo si mambo makubwa, wenzetu wanayo. Kuna kanuni inaitwa Global Recycled Standard, bidhaa haiingii humo bila kuwa na angalau asilimia 20 ya kitu kilichorejelezwa, na haiwekewi alama yake ya kumwonyesha mnunuzi mpaka ifike asilimia 50. Maana yake hata huko kwenyewe "resikle" si neno moja, inaweza kuwa ishirini, inaweza kuwa hamsini, inaweza kuwa zaidi, na fundi anayekata kitambaa cha ishirini hafanyi kazi sawa na anayekata cha themanini. Sasa sisi mwisho wa barabara, roli imetoka mbali, imepita Dar es Salaam, imepita Zambia, imefika Kasumbalesa na etikete ambayo kila aliyeishika njiani angeweza kuibadilisha, tunaambiwa santi pursanti tunasema asante. Nilirudi kwa muuzaji na kile kitone changu cheusi kwenye karatasi. Akasema, "Mama, mimi pia niliuziwa hivyo." Inawezekana kabisa. Nilimwamini, na bado sikununua kwake tena.

Na shule pia, mnapotoa komande mnaangalia bei ya mwisho tu. Direkta mmoja akiuliza fundi gramu ngapi, tumekifua mara ngapi, basi ingetosha kubadilisha mambo. Komande ya pili ya mwaka huu, shule nyingine, nilimpelekea direkta mraba uliofuliwa na mraba ambao haujafuliwa, viwili pembeni kwa pembeni. Akachagua kitambaa cha bei zaidi, pamba mpya na resikle kidogo, interloki, gramu 210 nilizozipima mwenyewe kwa mzani ule ule wa famasi. Mwenye famasi sasa hanicheki, ananiuliza tu leo ni rangi gani.

Akina mama wanaonunua tisheti sokoni, sina mashini ya Martindale ya kuwapa. Isugueni sehemu ya ndani, chini kabisa ya pindo, kitambaa kwa kitambaa, mara hamsini hivi kwa nguvu, mkiona inaanza kutoa manyoya mapema namna hiyo mjue itafika mapele kabla ya Noeli. Shikeni mshono wa pembeni mwangalie unashuka sawa na mistari ya vitanzi au unaikata. Na ukifika nyumbani igeuze ndani nje kabla ya kuifua, brosi iache kwa jinzi, usiinyonge, ikamue kwa kuibana kwenye taulo, iweke kwenye kivuli imelala. Najua hakuna muda. Mimi mwenyewe siku nyingine nainyonga.

Yule mama wa kwanza, wa mapele, alirudi mwezi uliopita kushona gauni la ubatizo. Nikamuuliza ile polo iko wapi, alikuwa ameniambia ataitupa. Akasema mtoto anailalia, hataki kuivua, eti imekuwa laini kuliko nguo zote za nyumbani.

Fundi wa komini Kenya
Lubumbashi